Mchungaji Alipovuka Barabara

Ninyi mnaonijia kila wiki na swali lile lile, eti Bibi Gemu, tukifungua kibanda tuanze na nini, nawajibu: anzeni na beseni la maji mlangoni. Msianze na mashine wala runinga. Beseni na kipande cha sabuni. Mtoto anatoka kula ndizi mbivu, anatoka kumenya muwa, anakuja kushika pedi. Pedi ni kile kidude cha mkononi chenye vitufe, na kikishaingia utamu wa muwa, kitufe kinabonyea hakirudi, na sisimizi wanahamia humo na mayai yao. Mimi nilifundishwa na pedi nne zilizokufa mwezi mmoja. Tena kosa likaja juu ya kosa: nilidhani vitufe vinakwama kwa kukosa mafuta, nikavitia mafuta ya alizeti. Mende wote wa senta ya Nyamigogo wakahamia kwangu.

Darasa nililofika ni la tatu, kule Murusagamba nilikozaliwa, halafu baba akasema shamba la migomba linanihitaji zaidi. Kuandika najua, ila taratibu, na Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Kilichonisaidia katika kazi hii ni kichwa kushika majina. Mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa Renatus, wa pili Ashura, wa tatu Kulwa, na Doto akasimama mlangoni akilia mpaka pacha wake alipomaliza mechi. Kila aliyekalia benchi langu namjua jina, namjua mama yake, na najua alikuwa ameishia wapi kwenye gemu siku ile.

Kabla ya gemu nilikuwa mpika rubisi, pombe ya ndizi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza baadaye, na ndilo lililonitoa. Kwenye vilima vyetu vya Murusagamba wanawake tulikuwa tunapika kwa zamu. Wiki hii mtungi uko kwa Mama Yudita, wiki ijayo kwangu, wiki ile kwa Bernadeta. Watu wote wanakwenda penye mtungi. Ukipika siku isiyo yako umemvunjia mwenzako, maana rubisi haikai. Siku ya tatu inaanza kuchachuka na siku ya nne unawamwagia nguruwe. Mpika nje ya zamu aliitwa mwizi, ingawa hakugusa kitu cha mtu.

Nilipoolewa huku Biharamulo, na mume wangu Laurenti alipofariki, magoti yakakataa kukanyaga ndizi. Nikauza mahindi na maharage ya msimu mzima, nikaenda mjini kwa fundi mmoja wa redio na runinga aitwaye Deusi. Huyo ndiye mwalimu wangu. Nilikuta ana mashine mbili mezani, moja nyeusi na moja nyeupe.

"Fundi, ipi nzuri?"

"Mama, mpira unacheza kwenye zote mbili. Magari yanacheza kwenye zote mbili. Lakini kuna gemu moja haichezi popote ila kwenye hii nyeusi." Akaiwasha.

Ilikuwa ni mwanamke na fimbo yake. Tufani imetawanya ng'ombe wake milimani, naye anakwenda kuwatafuta mmoja mmoja, anavuka mito, anafukuza fisi, anawarudisha zizini. Nilisimama pale nikasahau kwamba nimeacha mzigo wangu nje. Fundi Deusi akaniambia kwamba waliotengeneza mashine nyeusi ndio waliotengeneza gemu hiyo, na wameifungia kwao, ili anayeitaka anunue mashine yao.

Nikamwelewa mara moja. Mtungi uko kwao.

"Nipe nyeusi," nikasema.

Jina lake la Kiingereza sikulishika, kwa hiyo tuliiita Mchungaji, na mpaka leo tarafa nzima inaiita Mchungaji.

Somo la pili la Fundi Deusi lilikuja wiki mbili baadaye. Mashine ilikuwa inajizima yenyewe. Akaja na pikipiki, akaingia sebuleni, ndiko kibanda changu, akasimama akaangalia. Mimi nilikuwa nimeipamba. Kitambaa cha kufuma juu, kitambaa cha kufuma chini, na kingine kimeinama mbele kufunika yale matundu, maana niliona matundu ni aibu mbele ya wageni.

"Mama, mgonjwa wako ana homa, nawe umemvika sweta."

"Sasa vumbi je?"

"Vumbi utalifuta kwa mkono. Mwache apumue."

Nikavitoa vyote, vile vitambaa nilivyofuma mwenyewe nikiwa na mimba ya Gaspari, mwanangu wa kwanza. Basi na ninyi mkumbuke: mashine haivai.

Sasa nimweleze wifi yangu. Skolastika ni mdogo wake marehemu Laurenti. Nyumba yake inatazamana na yangu, barabara inapita katikati. Amesoma mpaka la saba na hajawahi kuniacha nisahau. Alipoona benchi langu limejaa kwa mwaka mzima, naye akauza mbuzi akanunua mashine nyeupe. Sikukasirika. Mpira ulikuwa kwangu na kwake, vijana wakagawanyika, wengine wakamfuata kwa sababu runinga yake ilikuwa kubwa. Lakini siku ya gulio, watu wa vijijini wanapoletwa na biashara, kwangu hapakuwa na pa kuweka mguu. Walikuja kwa ajili ya Mchungaji. Wengine hawakucheza, walikaa kutazama tu. Wifi alikuwa anasimama kizingitini kwake ameshika kiuno.

"Wifi, huyo mchungaji wako hata chumvi hawapi ng'ombe?"

"Njoo umpelekee," namjibu.

Mteja mkubwa wa gemu ile alikuwa mtu mzima, Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wake halisi. Kila gulio akishauza alichouza, anakuja na fimbo yake, anaiegemeza ukutani, ananawa mikono kwenye beseni bila kuambiwa, anakaa. Alicheza polepole na kwa malalamiko.

"Bibi, aliyetengeneza hii hajawahi kuchunga. Ng'ombe anayekunywa maji hainui mkia namna hii."

"Masanja, cheza."

"Nacheza, lakini mkia huu ni wa uongo."

Kwa sababu anacheza mara moja kwa wiki, akawa mtu wa miezi na miezi. Wengine walichoka njiani, yeye akaendelea. Ng'ombe wa kwenye gemu ni arobaini na watatu, na wa mwisho ni mtamba mweupe aliyepotelea juu kabisa mlimani. Masanja alikuwa amekwisha kuwapata thelathini na wanane, na kila mmoja amempa jina. Mimi niliyashika majina yote, maana alikuwa akiyataja kwa sauti kila anapoanza, kama mtu anayehesabu mifugo yake jioni.

Basi tumefika kwenye aibu yangu. Someni taratibu, kwa sababu kosa hili ni langu mwenyewe na silifichi.

Siku ya gulio moja, asubuhi, nimetoka misa ya kwanza, nafungua kibanda. Nafungua boksi la Mchungaji, tupu. Diski haimo. Natafuta juu ya runinga, chini ya benchi, kwenye kabati la vyombo, haimo. Nikiwa nimepiga magoti uvunguni nikasikia wimbo. Ule wimbo wa mwanzo wa Mchungaji, wa zumari, ambao nimeusikia kila asubuhi kwa miaka. Na haukutoka kwangu. Ulitoka ng'ambo ya barabara.

Nikakumbuka kwamba jana yake wifi alikuja kuazima ungo nikiwa bustanini, akaingia mwenyewe ndani akajichukulia.

Nilivuka barabara bila viatu. Mlango wake umejaa watu, wa kwangu wale wale, nawajua majina. Kwenye runinga yake kubwa mwanamke yule na fimbo yake anapanda mlima.

"Wifi, nipe diski yangu."

"Diski gani, wifi? Karibu kwanza."

"Mchungaji. Hiyo hapo."

"Hii ni yangu. Nimeagiza Mwanza, imekuja na basi la jana."

"Mwanza! Mchungaji haichezi kwenye nyeupe. Fundi Deusi aliniapia. Umeiingia nyumba yangu, umeichukua, umeitengenezatengeneza mpaka imekubali."

"Nimeitengeneza mimi? Mimi ambaye saa ya ukutani nakuita wewe uje kunirekebishia?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kikanipandisha. Nikasema neno ambalo mtu hamwambii wifi yake mbele za watu. Nikasema, "Mwizi."

Wifi akaweka chini kikapu alichokuwa nacho.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia," watoto wakaitikia kama wako darasani.

"Ashura, umesikia? Renatus? Haya. Mke wa marehemu kaka yangu ameniita mwizi. Nendeni mkamwite Mzee Batholomeo."

Mzee Batholomeo alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni mtu wa haki, lakini hakuwa amewahi kuamua kesi ya gemu. Alikuja na koti lake, akapewa kiti chenye egemeo, akawekwa mbele ya runinga kabisa. Masanja alikuwa amefika, naye akasimama nyuma na fimbo yake. Nikaeleza upande wangu. Nikaeleza na habari ya zamu, kwamba hii gemu ni mtungi wa watu wa mashine nyeusi, na mtu hawezi kuutoa mtungi wake akaupeleka kwa mshindani wake kwa hiari. Kama uko kule, umeibwa. Mzee aliitikia kwa kichwa, naye ni mnywaji wa rubisi, akaona hoja ina miguu.

"Na wewe, Skolastika?"

"Mzee, mimi sina maneno. Nazima, nawasha. Wifi atazame kwa macho yake."

Akazima, akawasha. Mashine nyeupe ikaonyesha kwanza alama yake, ile ya nyeupe. Halafu akaingiza Mchungaji. Na hapo, kabla ya mlima, kabla ya zumari, ikatokea alama nyingine. Mimi Kiingereza sisomi, lakini alama ile naijua kuliko uso wangu. Ni alama iliyoko kifuani kwa mashine yangu nyeusi. Imekaa pale katikati ya runinga ya wifi, kubwa, inang'aa, haijifichi.

"Unaijua hiyo?" Mzee akaniuliza.

"Naijua."

"Ya nani?"

"Ya watu wa nyeusi."

Mzee akajikuna kidevu. "Adelina mwanangu, mwizi wa ng'ombe jambo la kwanza anafuta alama ya mwenyewe. Huyu mbona ameiacha kwenye paji la uso?"

Na kama vile haitoshi, Masanja alikuwa ametoka kimya kimya akavuka barabara, sasa akarudi amebeba boksi la gemu ya mpira. Akalifungua mbele ya watu. Ndani mlikuwa na diski ya mpira, na chini yake, imelaliwa, diski ya Mchungaji. Niliiweka mwenyewe Jumamosi nikiwahi kuchota maji kabla foleni haijawa ndefu.

"Bibi," Masanja akasema kwa upole, "ng'ombe wako alilala zizi lisilo lake."

Nilitamani ardhi inimeze. Tukampigia simu Fundi Deusi, simu ikawekwa sauti ya juu, Mzee akaishika kama chombo cha kanisani.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Ni kweli," fundi akasema. "Wenyewe wameiachia. Siku hizi wanafanya hivyo. Gemu moja inatengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mingi. Wenye mashine nyeusi wote wanaoitaka walishainunua. Sasa wanawafuata wenye nyeupe."

"Na sisi tulionunua nyeusi kwa ajili yake?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayelilia chake. "Wewe uliniambia haichezi popote."

"Siku ile ilikuwa kweli, Mama. Ninyi mlicheza kwanza."

Nilikwenda kukaa jikoni kwangu. Kusema kweli niliwachukia wale watu wa nyeusi zaidi ya nilivyomwonea haya wifi. Nikasema, wamenifanya nitoe mahindi ya msimu mzima, halafu wamebeba mtungi wamempelekea jirani yangu mlangoni. Nilikaa na neno lile, mlicheza kwanza, mlicheza kwanza. Halafu, nikiwa nachambua maharage, nikamkumbuka Mama Yudita.

Sikilizeni. Wakati wa kupika kwangu, zamu ilipokuwa yangu, siku ya kwanza watu walijaa. Siku ya pili walikuja waliochelewa. Siku ya tatu kilima kizima kimeshakunywa, na robo ya mtungi bado imo, na kesho inachachuka. Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa najaza dumu, najitwisha, nashuka bonde, napanda kilima cha pili, namkuta Mama Yudita, mshindani wangu, tuliyekuwa hatupendani hata kidogo, namwambia, niuzie kwako, wako watu huku ambao hawawezi kupanda kwangu. Naye anauza, na kila anayekunywa anaambiwa, hii ni mkono wa Adelina. Nilifanya hivyo miaka kumi. Hakuna mtu wa kilima changu aliyewahi kunilalamikia kwamba nimemwibia. Walikuwa wamekunywa ikiwa bado tamu ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo sheria ya zamu nilikuwa nimeishika nusu. Nusu ya kulinda mtungi niliikumbuka, nusu ya kubeba dumu nikaisahau.

Mzee Batholomeo aliamua kama inavyoamuliwa kwetu. Aliyesema neno apike, wanywe wote wawili kutoka chombo kimoja mbele ya watu. Nikapika, magoti yakilia. Mtungi ukawekwa katikati ya barabara hasa, si upande wangu wala upande wake, pikipiki zikapita pembeni zikipiga honi. Mirija miwili. Nikamwambia, "Wifi, nilikuita jina lisilo lako. Nisamehe." Tukainama tukavuta pamoja, vichwa vinagusana.

Akainuka, akafuta mdomo.

"Nimekusamehe. Lakini rubisi hii ina maji, wifi. Gemu zimeharibu mkono wako."

Watu walicheka mpaka Mzee akavua kofia. Nami nilicheka, maana ilikuwa kweli.

Msidhani basi kila kitu kikawa kizuri palepale. Gulio lililofuata benchi langu lilikuwa nusu. Lililofuata, robo. Ile runinga kubwa pamoja na Mchungaji, nani angebaki kwangu? Masanja peke yake alibaki, na si kwa kunipenda. Safari yake ya miezi yote ile ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mashine yangu nyeusi, na safari ya nyeusi haisomeki kwenye nyeupe. Ng'ombe wake walikuwa kwangu.

Nikaanza kufikiria kuuza mashine nirudi kwenye mahindi na maharage. Lakini kukaanza jambo ambalo sikulitafuta. Jumanne moja Ashura akavuka barabara.

"Bibi, shikamoo. Pale mto wa pili tunazama kila mara. Tunapitaje?"

"Marahaba. Msiingie mtoni na ndama mbele. Tangulizeni yule fahali mwekundu, wengine watafuata kwato zake."

Akakimbia. Nikasikia kelele za furaha kule. Baada ya saa moja akaja Renatus: fisi wa pangoni. Kesho yake Kulwa, na Doto nyuma yake: daraja lililokatika. Wifi anaujua mpira, Mchungaji haijui. Mimi nilikuwa nimekaa miaka nyuma ya mabega ya watu, naijua njia yote kwa makosa ya kila mmoja. Pale alipoanguka Renatus, pale alipopotelea Ashura, pale Doto alipolia. Wifi akavuka mwenyewe, ameshika kiuno.

"Wateja wangu wanashinda barabarani kuja kukuuliza. Wanamaliza viatu."

"Nifanyeje, wifi?"

"Sijui. Nimesema tu."

Halafu ikaja radi. Mvua za vuli huku Biharamulo hazibembelezi, na hapa ndipo somo langu kubwa kuliko yote: mkiona wingu jeusi limekaa upande wa msitu, chomoeni. Msizime tu. Chomoeni waya ukutani, na waya wa antena. Mimi nilizima, nikaona inatosha, nikaenda kuanua mihogo. Mlio ulipopiga nilijua kabla sijaingia ndani. Harufu ya waya ulioungua ilikuwa imejaa sebuleni. Fundi Deusi aliifungua mashine, akaifunga tena, akavua kofia.

Gulio lilipofika, Masanja akaja. Akaegemeza fimbo, akanawa mikono. Nikamwambia.

Mtu mzima yule, mwenye ng'ombe halisi nyumbani, alikaa kwenye benchi akitazama runinga iliyozimwa.

"Thelathini na wanane, bibi."

"Najua."

"Nimewatafuta mwaka mzima."

"Najua, Masanja. Nyamhala ulimpata kwenye maporomoko. Ng'wana Bugumba alikuwa nyuma ya jiwe lenye umbo la kiatu. Yule wa madoa uliyempa jina la mama mkwe wako, ulimkuta kwenye pango la pili, baada ya kufa mara saba."

Akageuka akanitazama. "Unawakumbuka wote?"

"Wote. Inuka twende."

Tulivuka barabara pamoja. Wifi alituona tunakuja, mimi na Masanja na fimbo yake. Nilitegemea neno, maana wifi huwa na neno. Akaingia ndani akatoka na kiti, kile chenye egemeo alichokalia Mzee Batholomeo, akakiweka pembeni ya runinga.

"Hapo ni pako," akasema. "Usinishikie pedi na mikono ya mihogo."

Masanja akaanza upya, ng'ombe sifuri. Lakini safari hii hakupapasa. Nilikuwa naye pembeni: kushoto, sasa teremka, subiri mvua ikatike, yuko nyuma ya jiwe. Kilichohitaji miezi, tulikifanya kwa magulio sita. Siku aliyompata mtamba mweupe, sebule ya wifi ilijaa mpaka dirishani. Alimshusha mlimani polepole, hakumpiga fimbo hata moja, akamwingiza zizini, akafunga lango. Zumari ikalia. Masanja akaweka pedi chini, akajifuta macho na kola ya shati, akasema ni moshi, na hapakuwa na moshi.

Halafu maandishi yakaanza kupanda kwenye runinga. Majina. Mengi, moja juu ya jingine, yanapanda taratibu. Vijana wakaanza kuinuka, wifi akanyoosha mkono kuzima.

"Wifi, zima nini? Hao ni nani?"

"Waliotengeneza. Watu wanasubiri zamu."

"Wasubiri. Watu wamefanya kazi miaka, tuwaache wapite. Nisomee."

"Nikusomee yote haya?"

"Si ulifika la saba?"

Akanitazama kwa jicho la pembeni. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia karibu nami, akaanza kusoma. Alisoma vibaya. Majina ya Kijapani, majina ya Kizungu, majina sijui ya wapi, ulimi wake wa Kisubi unayagonga, penye L anaweka R, penye R anaweka L, watoto wanavunjika mbavu.

"Muulize yupi alitengeneza mikia," Masanja akasema.

"Nyamaza, Masanja," tukamjibu wote wawili.

Tangu siku ile sina kibanda, nina kiti. Kila mtu anapofika mwisho wa Mchungaji, wifi anavuta ndoo yake na kunisomea, na mimi naongeza machache kichwani. Nimefika jina la themanini na moja. Huyo anaitwa Hiroko, na wifi anasema kazi yake iliyoandikwa pale inahusu maji. Nadhani ndiye aliyetengeneza ule mto wa pili, na nikikutana naye nitamwambia kwamba Ashura alizama mara kumi na nne.